Ua la Chungu, Jiko la Mkaa na Hewa ya Chumba cha Mgonjwa

Mwezi Juni uingiapo, baridi ya Nyanda za Juu Kusini hubadili mpangilio wa nyumba. Makete, Njombe, Mufindi na katika miinuko ya Mbeya, madirisha hufungwa mapema, nyufa za milango huzibwa kwa matambara, na jiko la mkaa lililokuwa likipikia barazani huingizwa chumbani. Ikiwa ndani mna mgonjwa, mtoto mchanga au mama aliyejifungua, jiko huingizwa kwa huruma zaidi. Jioni hiyohiyo, katika baadhi ya nyumba, ua lililopandwa chunguni hutolewa nje, kwa kuwa yupo mtu aliyeambiwa zamani kwamba mimea huwanyang'anya watu oksijeni usiku. Mikono ileile, basi, imetoa kitu kisicho na madhara na kuingiza kitu chenye uwezo wa kuua nyumba nzima kabla ya alfajiri.

Makosa haya mawili hutokana na kutoelewa jambo moja: namna mmea unavyobadilishana gesi na hewa, unavyojitengenezea chakula kwa mwanga, na namna chakula hicho kinavyorudi kuwa hewa kinapoliwa, kinapooza au kinapochomwa. Somo hilo hufundishwa shuleni kwa jina la usanisinuru, nalo aghalabu husahauliwa mara mtihani unapokwisha. Makala haya yanalirejea kwa ajili ya wahudumu wa afya na wagonjwa, kwa sababu uamuzi wa kitu gani kikae chumbani usiku hutegemea kulielewa barabara.

Kinachofanyika ndani ya jani

Jani ni jembamba kwa sababu maalumu. Kazi yake ni kukutanisha vitu vitatu: mwanga utokao juu, maji yapandayo kutoka mizizini, na hewa iingiayo kupitia matundu madogo mno yaitwayo stomata, ambayo katika mimea mingi ni mengi zaidi upande wa chini wa jani. Kila tundu limezungukwa na seli mbili mfano wa midomo. Seli hizo zikijaa maji hupinda na kuacha uwazi katikati; zikinywea, uwazi hufungwa. Katika mimea mingi matundu hufunguka kunapopambazuka na kufungika giza liingiapo, au hata mchana, mmea ukipungukiwa na maji. Ni lazima mmea uwe na hadhari, maana kila tundu lifungukapo kuingiza hewa, mvuke wa maji nao hutoroka. Pafu la binadamu lina gharama iyo hiyo: kila pumzi itokayo hubeba unyevu, na mtoto anayehema haraka kwa nimonia hupoteza maji mengi kwa njia hiyo hata kabla ya kuhara au kutapika.

Jani halina kiwambo wala mbavu za kuvuta hewa. Gesi huingia na kutoka kwa kusambaa tu, yaani kutoka palipo nyingi kwenda palipo chache. Hatua ya mwisho ndani ya pafu ni hiyohiyo: oksijeni huvuka kutoka kifuko cha hewa hadi kwenye damu bila kusukumwa na kitu chochote, ila kwa tofauti ya wingi wake pande mbili za utando mwembamba. Ndiyo maana maumbile yote mawili yanahitaji eneo kubwa na utando mwembamba. Vifuko vya hewa vya mtu mzima vikitandazwa hufikia takriban mita za mraba 70. Mti mkubwa hutandaza majani yake bila kificho.

Gesi ambayo jani huitafuta ni kabonidayoksaidi, iitwayo pia hewa ukaa. Angani ni chache mno, takriban sehemu 4 kati ya 10,000 za hewa yote. Ndani ya seli za jani mna vijisehemu vya kijani viitwavyo kloroplasti, navyo vimejaa klorofili. Klorofili hunasa mwanga mwekundu na wa buluu, na sehemu ya ule wa kijani huurudisha machoni mwa mtazamaji. Nishati iliyonaswa hutumika kwanza kupasua maji. Molekuli ya maji ipasukapo, hidrojeni yake hutunzwa kwa kazi ifuatayo, na oksijeni hutupwa nje kama taka.

Hapa inafaa kutua. Watu wengi hudhani kwamba mmea huchukua hewa ukaa, hung'oa kaboni yake, kisha huachia oksijeni iliyobaki. Sivyo. Mwaka 1941, huko California, Samuel Ruben na Martin Kamen pamoja na wenzao walitumia maji yaliyotiwa oksijeni nzito, wakaonesha kwamba oksijeni itokayo kwenye mmea asili yake ni maji. Jambo hili lina uzito katika mjadala wa usiku: kazi ya kupasua maji inahitaji mwanga. Pasipo mwanga hakuna mmea utoao oksijeni, uwe wa aina gani.

Hatua ya pili ni kuijenga sukari. Hidrojeni iliyotunzwa na nishati iliyonaswa huunganishwa na kaboni ya hewa ukaa. Sukari hiyo ndiyo huwa wanga wa muhogo na mahindi, mafuta ya karanga na alizeti, na ubao wa mninga. Sima iliyo sahanini ni mwanga wa jua uliofungashwa, na mwili wa mwanadamu huufungua mzigo huo kwa kutumia oksijeni ileile iliyotupwa nje wakati wa kufungasha.

Klorofili na kiini cha himoglobini zimejengwa kwa pete zinazofanana sana. Katikati ya moja kuna magnesiamu, katikati ya nyingine kuna chuma. Mfanano huu umezaa biashara ya vinywaji vya kijani vinavyosifiwa kwamba klorofili yake hugeuka damu. Mwili haufanyi hivyo. Mchicha na matembele humfaa mwenye upungufu wa damu kwa sababu ya foleti na chuma iliyomo, hasa mboga hizo zikiliwa pamoja na chungwa au limau, ambalo husaidia chuma kufyonzwa.

Madaktari wawili, mchungaji mmoja na hofu ya usiku

Elimu hii haikujengwa na wataalamu wa mimea pekee. Matabibu walishiriki tangu mwanzo. Jan Baptist van Helmont, tabibu wa nchi ambayo leo ni Ubelgiji, alipanda mche wa mti katika chombo chenye udongo mkavu wa ratili 200, sawa na kilo 90 hivi. Kwa miaka mitano aliumwagilia maji tu. Mti uliokuwa na ratili 5 ukafikia ratili 169, ilhali udongo ulipungua kwa wakia 2 hivi, yaani chini ya gramu 60. Akahitimisha kwamba mti wote umetokana na maji. Alikosea kwa nusu, kwani hakuitia hewa katika hesabu yake. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo ndiye aliyebuni neno gesi, na mfano wake mmojawapo ulikuwa mkaa: alichoma ratili 62 za mkaa akabaki na ratili moja ya majivu, akasema kilichopotea kimekuwa gesi. Alikuwa na ncha zote mbili za uzi mkononi mwake, gesi itokayo katika mkaa na mti uotao pasipo kula udongo, lakini hakuzifunga. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1648, baada ya kifo chake.

Joseph Priestley hakuwa tabibu bali mchungaji wa kanisa nchini Uingereza. Mwaka 1771 aliweka tawi la mnanaa ndani ya chombo ambamo mshumaa ulikuwa umewaka hadi kuzimika. Siku kadhaa baadaye mshumaa uliweza kuwaka tena humo. Mmea ulikuwa umeirekebisha hewa. Hata hivyo majaribio yake hayakufaulu kila mara, na hakujua sababu.

Sababu iligunduliwa na daktari Jan Ingenhousz, mzaliwa wa Breda katika Uholanzi, ambaye mwaka 1768 alikuwa amewachanja watoto wa jamaa ya kifalme ya Austria dhidi ya ndui. Katika kiangazi cha mwaka 1779, akiwa karibu na London, alifanya majaribio zaidi ya 500. Alizamisha majani katika maji akayaweka juani, viputo vikapanda. Akayaweka gizani, viputo vikakoma. Akayapasha joto la moto pasipo jua, vikakosekana pia. Kumbe lilihitajika si joto bali mwanga. Akaongeza kwamba ni sehemu za kijani tu zifanyazo kazi hiyo, na kwamba mimea gizani huichafua hewa kama wanyama wafanyavyo. Jina refu la kitabu chake cha mwaka huohuo lilibeba habari zote mbili: uwezo wa mimea kuisafisha hewa juani, na kuiharibu kivulini na usiku.

Sehemu hii ya pili ndiyo iliyoshika katika akili za watu. Kwa miaka mingi wauguzi wa hospitali za Uingereza walikuwa na desturi ya kuyaondoa maua wodini kila jioni. Katika Afrika Mashariki hofu hiyo imejulikana kwa sura ya onyo la kutolala chini ya mti usiku. Ingenhousz hakusema uongo. Kilichokosekana ni kipimo: mmea huichafua hewa kwa kiasi gani?

Hesabu ya usiku mmoja

Mmea una mitokondria kama alizo nazo mwanadamu, na seli zake hupumua mchana na usiku: huunguza sukari kwa oksijeni na kutoa hewa ukaa. Mchana jambo hili halionekani kwa sababu usanisinuru huizidi kazi hiyo mara nyingi. Usiku hubaki upumuaji peke yake. Lakini jani halikimbii, halina moyo wa kupiga wala mwili wa kuupasha joto hadi nyuzi 37, kwa hiyo mahitaji yake ni madogo mno.

Mtu mzima aliyelala hutumia takriban mililita 250 za oksijeni kwa dakika. Katika saa nane za usingizi hizo ni lita 120. Chumba cha mita tatu kwa tatu, chenye kimo cha mita mbili na nusu, kina lita 22,500 za hewa, na katika hizo zaidi ya lita 4,700 ni oksijeni. Ua la chungu ambalo majani yake yakitandazwa hufunika nusu mita ya mraba hutumia chini ya lita moja kwa usiku mzima. Maana yake ndugu anayelala chumbani ili kumwangalia mgonjwa hutumia oksijeni zaidi ya mara 100 kuliko ua hilo, na hakuna anayefikiria kumlaza nje. Nje, chini ya mwembe, hesabu haina haja hata ya kufanywa, maana upepo mdogo tu huichanganya hewa yote. Mwenye kulala hapo aogope mbu na nyoka.

Ukweli huu hukata pande mbili, na upande wa pili haupendezi kwa wauzaji wa maua. Ikiwa mmea mmoja haupunguzi oksijeni ya chumba, basi hauiongezi kwa kiasi cha maana. Mgonjwa anayehitaji lita 2 za oksijeni kwa dakika hutumia lita 2,880 kwa siku. Ua lililo katika mwanga hafifu wa chumbani hutoa lita chache tu. Ripoti iliyotolewa mwaka 1989 chini ya NASA, shirika la anga la Marekani, ilionesha kwamba mimea ya chunguni ilipunguza baadhi ya mivuke ya kemikali ndani ya masanduku yaliyofungwa. Chumba cha kuishi si sanduku lililofungwa, na dirisha lililo wazi hufanya kazi hiyo haraka kuliko mimea mingi iliyosongamana.

Yapo pia madai kwamba mshubiri na jamaa zake hutoa oksijeni usiku. Madai hayo yana chembe ya ukweli iliyogeuzwa. Mshubiri, nanasi, mkonge na dungusi kakati, kwa kuwa zimezoea ukame, hufungua stomata usiku, wakati hewa ni baridi na maji hayapotei sana. Huingiza hewa ukaa na kuitunza kama asidi hadi asubuhi. Mchana, stomata zikiwa zimefungwa, asidi hiyo huirudisha hewa ukaa ndani kwa ndani, na sukari hutengenezwa. Oksijeni hutengenezwa wakati huo wa mchana, kwa kuwa bila mwanga maji hayapasuki. Mgonjwa wa pumu aliyenunua mshubiri ili umsaidie kupumua usiku amenunua ua zuri, wala dawa zake zisipunguzwe kwa ajili hiyo.

Zipo sababu halali za kuliondoa ua karibu na mgonjwa, nazo hazihusiani na oksijeni. Udongo wa chungu hukaa kuvu, wakiwemo wa jamii ya aspajilasi, wanaoweza kumshambulia mtu ambaye kinga yake imeporomoka kwa tibakemikali au kwa ugonjwa wa damu. Maji ya vyombo vya maua hukuza bakteria wanaosumbua vidonda. Baadhi ya wenye pumu hubanwa na chavua au harufu kali. Na sahani iliyowekwa chini ya chungu, ikituamisha maji, ni mazalia ya mbu aina ya Aedes, aenezaye homa ya dengi, ambayo Dar es Salaam iliionja mwaka 2014 na tena mwaka 2019.

Mwanga uliozikwa katika mkaa

Takriban nusu ya uzito wa gogo kavu ni kaboni, na kaboni yote hiyo iliingia mtini kupitia stomata. Mchoma mkaa hupanga magogo, huyafunika kwa nyasi na udongo, kisha huyachoma kwa hewa kidogo. Maji na moshi huondoka. Kinachobaki, kwa sehemu kubwa, ni kaboni. Jiko linapowashwa, kazi ya jani huendeshwa kinyumenyume: kaboni hukutana tena na oksijeni, na nishati ya jua la miaka iliyopita hutoka kama joto.

Kilo moja ya mkaa ikiungua yote hutumia zaidi ya lita 1,500 za oksijeni, kiasi ambacho mtu mzima aliyepumzika angekitumia kwa siku nne. Likilinganishwa na ua, jiko ni mlaji wa aina nyingine kabisa. Hata hivyo, upungufu wa oksijeni siyo hatari ya kwanza. Chini ya jiko, penye hewa ya kutosha, kaboni huwa hewa ukaa. Hewa hiyo ipandapo katikati ya makaa mekundu hukutana na kaboni nyingine, na kwa kukosa oksijeni ya ziada hugeuka kabonimonoksaidi. Miali midogo ya buluu ichezayo juu ya makaa ni gesi hiyo ikiungua. Miali hiyo ikitoweka na makaa yakaanza kufifia chini ya majivu, gesi huendelea kutoka bila kuungua. Saa hiyo ndiyo watu husema jiko sasa limetulia, wakaliingiza ndani.

Gesi hii haina rangi, harufu wala ladha. Kuni husaliti kwa moshi. Macho huwasha, watu hukohoa na kufungua mlango. Mkaa ulioshika vizuri hautoi onyo lolote. Kuweka beseni la maji kando ya jiko hakusaidii, kwa kuwa kabonimonoksaidi huyeyuka katika maji kwa kiasi kidogo sana. Hewa ikiwa na sehemu 1 tu ya gesi hii kati ya 1,000, inaweza kuua ndani ya saa chache.

Njia yake ya kuua ni damu. Himoglobini huipenda kabonimonoksaidi zaidi ya mara 200 kuliko inavyoipenda oksijeni. Gesi hushika nafasi ya oksijeni, na hata oksijeni iliyobaki hung'ang'aniwa na himoglobini isiachiwe tishu zinazoihitaji. Ubongo na moyo huathirika kwanza. Mwili nao haupigi kelele, kwa sababu vihisishi vya mshipa wa shingo hupima oksijeni iliyoyeyuka katika damu, ambayo bado ni ya kawaida, badala ya ile iliyobebwa na himoglobini. Aliyelala hahisi kukosa pumzi. Aliye macho huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, miguu huwa mizito, na pengine akili humruka kiasi kwamba mlango anauona lakini haufikii.

Mgonjwa wa namna hii afikapo kituoni

Dalili hizo ni zilezile za malaria, mafua makali au chakula kilichoharibika, na kwa sababu hiyo watu hutibiwa malaria kisha hurudishwa katika chumba kilekile. Kipimo cha malaria kikionesha vimelea kwa mtoto mmoja, hakielezi kwa nini mama, shangazi na watoto watatu wameamka na maumivu ya kichwa asubuhi moja. Wanafamilia kuugua pamoja, kuzidiwa wakiwa ndani na kupata nafuu wakitoka nje, ni ushahidi mzito kuliko homa.

Kifaa cha kupima oksijeni kidoleni hudanganya hapa. Kifaa cha kawaida hakiwezi kutofautisha himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba kabonimonoksaidi. Zote huziona nyekundu. Mgonjwa aliyezimia anaweza kusomeka asilimia 98 au 99. Wahudumu wengi wamefundishwa kukiamini kifaa hiki, na kwa haki, maana kimeokoa watoto wengi wenye nimonia. Lakini kwa mtu aliyetolewa katika chumba chenye jiko, namba nzuri isimnyime oksijeni. Rangi nyekundu ya ngozi isemwayo vitabuni ni nadra kwa aliye hai, wala isingojewe. Kipimo cha uhakika ni kile cha damu kinachopima moja kwa moja himoglobini iliyoshikwa na gesi hiyo, na vituo vingi havina. Historia ya mgonjwa hutosha kuanza tiba.

Tiba ni oksijeni nyingi kadiri iwezekanavyo, kwa barakoa yenye mfuko wa akiba, lita 10 hadi 15 kwa dakika, bila kusubiri majibu. Katika hewa ya kawaida, nusu ya gesi iliyoshika damu huchukua saa 4 hadi 6 kuondoka. Kwa oksijeni safi muda huo hushuka hadi saa moja au moja na nusu. Penye mashine ya kuchuja oksijeni tu, itumike kwa kiwango chake cha juu huku rufaa ikiandaliwa. Sukari ya damu ipimwe, na mgonjwa wa moyo apimwe umeme wa moyo, kwani gesi hii huweza kuujeruhi msuli wa moyo hata kwa mtu ambaye kichwa kimeshamtulia. Mjamzito huhitaji muda mrefu zaidi wa oksijeni kuliko dalili zake zinavyodai, kwa sababu damu ya mtoto tumboni huishikilia gesi zaidi na huiachia polepole kuliko ya mama. Kabla ya kuruhusiwa, familia ielezwe kwamba usahaulifu, mabadiliko ya tabia au mwendo mbaya vinaweza kujitokeza siku au majuma kadhaa baadaye, nao warudi bila kuchelewa.

Anayemkuta mtu amezimia chumbani afungue mlango na madirisha, amtoe nje kwanza, kisha alitoe jiko. Mwokoaji anayebaki ndani akimpepea mgonjwa huanguka naye.

Baridi haikatazwi kwa maneno

Si haki kumwambia mama wa Makete azime jiko bila kumpa njia nyingine. Katika jamii nyingi mzazi hukaa ndani siku arobaini, hukandwa kwa maji ya moto, na joto la chumba huhesabiwa kuwa sehemu ya heshima anayopewa. Mila hiyo ina hekima ndani yake, kwani mtoto mchanga hupoteza joto upesi na baridi humuua. Kinachopaswa kubadilika ni chanzo cha joto. Mtoto akae kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, amevikwa kofia na soksi, wote wawili wamefunikwa blanketi. Joto hilo ni la hakika kuliko la jiko na halitoi gesi. Maji yachemshwe nje, yatiwe katika chupa iliyofungwa sawasawa na kuzungushiwa kitambaa, kisha chupa ipashe kitanda joto kabla ya kulala na iondolewe mtoto anapolazwa. Jiko likilazimika kutumika sebuleni jioni, mlango na dirisha viwe wazi muda wote, watu wawe macho, na jiko litoke nje kabla ya mtu wa kwanza kulala. Kuliacha liwake usiku kwa kuacha ufa wa dirisha si ulinzi wa kutegemewa. Jenereta iliyowashwa ndani ya nyumba iko katika hukumu hiyohiyo. Kwa mgonjwa anayetumia oksijeni nyumbani, moto wa aina yoyote karibu naye una hatari ya pili, ya kulipuka kwa nguo na matandiko.

Maelekezo ya kumruhusu mgonjwa, katika miezi ya Juni hadi Agosti, huwa na orodha ya dawa na tarehe ya kurudi. Swali moja linaweza kuongezwa bila gharama: usiku, ndani ya chumba atakacholala, joto linatoka wapi? Liulizwe kwa upole, kwa yule hasa atakayekuwa akiwasha jiko, ambaye mara nyingi ni bibi au shangazi aliyesimama nyuma ya benchi na wala si mgonjwa mwenyewe. Akiuliza kuhusu ua, aambiwe libaki dirishani, upande upatao jua la asubuhi, na maji ya sahani yake yamwagwe.